Widad Mwenye Haraka na Dawa ya Polepole

Anayetaka kumjua Widad binti Mutlaq asimwendee kazini. Amtazame akipanda ngazi za mtaa wa Hammam, mjini Salt, nchini Jordan, mfuko wa nyanya mkono mmoja na simu mkono wa pili, akiruka ngazi mbili mbili kama anayefukuzwa na nyuki. Mji wenyewe umejengwa mgongoni mwa vilima, na watu wake wamejua tangu utotoni kwamba mpandaji mwenye pupa hufika juu hana pumzi ya kusalimia. Widad hakuyajua hayo, au aliambiwa akiwa ameshaondoka. Chai huinywa ingali moto mpaka ulimi unababuka. Wali huupakua haujaiva. Ukimsimulia hadithi, anakumalizia mwenyewe kabla hujafika katikati, na aghalabu anaimalizia vibaya. Shangazi yake, Bi Fidda, husema mtoto huyu alizaliwa mkunga hajavua viatu, na tangu siku hiyo hajamngoja mtu.

Na kazi yake mtu huyu, Mungu ana mzaha wake, ni kuchelewesha. Kule bondeni, penye kiwanda cha dawa, Widad ni mhandisi, na miaka yote hii kazi yake imekuwa kuifundisha dawa isikimbie. Kidonge cha kawaida ukikimeza hupasuka na kumwaga kila kilichonacho kwa mpigo mmoja. Damu hujaa dawa hadi pomoni, kisha baada ya saa chache hubaki kapa. Kidonge cha Widad kina ganda, na ganda lina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Maji ya tumbo hupenya humo, dawa huyeyuka ndani kwa ndani, halafu hutoka kidogo kidogo kutwa nzima, kama chai inavyotoka kwenye kifuko chake. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Widad husema kibaba nacho chaweza kumwagika haba na haba, mradi ujue pa kukitoboa.

Kiwandani kuna chumba chenye vyombo vya kioo vilivyojaa maji yenye uvuguvugu wa mwili wa mtu, na kila chombo kina kikasia kinachozunguka taratibu. Wafanyakazi wanaviita matumbo. Utawasikia wakiitana, "Hebu njoo uone tumbo la mwisho, leo halitaki kazi!" na mgeni hushtuka. Widad hutumbukiza kidonge, hukunja mikono, husimama. Pale tu ndipo anapongoja. Husimama mbele ya kioo kama mama anayemtazama mtoto akila, na maji yanapochotwa na kupimwa, na mstari kwenye karatasi ukapanda kilima taratibu badala ya kuruka, hutabasamu peke yake. Wenzake humwita Bi Polepole akiwa hayupo. Anajua, na linampendeza.

Hakuanza huko. Alianza kwenye dawa za maji za kikohozi, na angekuwa huko mpaka leo kama si mkono wa baba yake.

Hajj Mutlaq alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa dogo, kiti kimoja na kioo kimoja, lakini mkono wake ulikuwa na jina mji mzima. Walisema Hajj Mutlaq anaweza kumnyoa mtu aliyelala, naye akaamka kijana. Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikaanza kucheza, kikijisugua na kidole cha shahada kana kwamba kinahesabu shanga za tasbihi isiyokuwepo. Baadaye mkono mzima ukafuata. Daktari akasema ni ule ugonjwa wa kutetemeka, hauondoki, ila una dawa ya kuutuliza. Vidonge vikawa vingi kutwa. Kimoja kikiingia mkono unatulia, kikiisha unarudia shanga zake. Wateja, kwa kuwa walimpenda, wakajifunza kufika kwa saa ya dawa. Walikuwa wakichungulia dirishani na kuuliza, "Hajj, umekunywa?" naye akijibu, "Kaa upesi."

Mpaka siku moja dawa ikaisha katikati ya shavu la rafiki yake wa ujana, na wembe ukagusa ncha ya sikio. Rafiki mwenyewe alicheka. "Likate tu, Mutlaq. Sikio lenyewe halisikii tena." Lakini Hajj hakucheka. Aliufuta wembe, akaukunja, akafunga duka, akaenda nyumbani kwa miguu. Ufunguo akampa mpwa wake siku hiyo hiyo.

Wiki ile Widad alimwendea mkubwa wake wa kazi akaomba ahamishiwe kwenye vidonge vya kutoa dawa taratibu. Aliulizwa anataka kutengeneza nini. "Nataka kidonge ambacho hakitaisha kabla ndevu hazijaisha," alisema. Mkubwa hakuelewa, lakini alisaini.

Tusidanganyane, haikuwa kazi ya juzi na jana. Kulikuwa na maganda yaliyopasuka kama puto na mengine magumu hata dawa ikagoma kutoka, ikabaki imejifungia ndani kama bibi harusi aliyebadili nia. Kulikuwa na majaribio hospitalini, na wakaguzi, na safari nyingine ya kurudi mwanzo. Widad, asiyeweza kungoja birika lichemke, alingoja yote hayo. Mwishowe dawa ikapita, ikaingia madukani. Hajj Mutlaq alivaa koti lake la Idi, akaenda mwenyewe kununua paketi ya kwanza. Akaionyesha rafuni kwa kidole, akamwambia mwuza dawa, "Unaiona hii? Hii imetoka mkononi mwa binti yangu. Usinipe iliyo nyuma, nipe ya mbele."

Jioni hiyo alikigeuza kidonge kiganjani, akakitazama kwa jicho la fundi. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kumpunguzia na maneno. Yalikuwa yanatoka moja moja, kila moja na mapumziko yake.

"Widad. Na hili ganda... likishatoa dawa..."

"Ganda ni kazi yangu, baba," Widad alisema, mkono mmoja umeshaingia kwenye mkono wa koti. "Wewe meza tu. Nimechelewa!" Mlango ukajibamiza nyuma yake, na ngazi zikaitikia viatu vyake.

Ningependa msomaji aushike mlango huo ulivyofungwa, maana tutaurudia.

Dawa haikumfaa Hajj Mutlaq. Kwa wengine ilifaa. Daktari mwenyewe alisema ana mama mmoja amerudi kushona, na fundi saa mmoja anaimba. Ila baba wa mwenye dawa, kila asubuhi baada ya kumeza, mwili wote ulicheza kama mtu aliyekanyaga makaa, mabega huku, shingo kule. Ikifika alasiri anaganda kitini hawezi hata kufunga kifungo. Ni ile ile panda shuka ya zamani, tena kali zaidi. Daktari akabadili saa, akabadili kipimo, hakuna. Kinyozi hajinyoi, watu wakasema, na safari hii walilisema mbele ya mlango wa kinyozi.

Widad akarudi kwenye matumbo yake ya kioo. Akatumbukiza vidonge vya paketi ile ile ya baba yake. Mstari ukapanda taratibu, mzuri, mtiifu. Akajaribu tena. Hakumwambia baba yake kwamba amekata tamaa na dawa yake. Nyumbani alijichangamsha, akamuuliza, "Leo vipi, baba?" naye akajibu, "Leo nzuri, binti yangu, dawa nzuri sana," na mkono wake uko chini ya mto umefichwa. Ikawa kila mmoja anamtunza mwenzake kwa uongo. Mimi mapenzi ya namna hiyo huniudhi, lakini ni mapenzi.

Katikati ya hayo akaja Mazin.

Mazin alikuwa fundi wa mizani. Kila baada ya miezi kadhaa alifika kiwandani kuhakikisha mizani haidanganyi, zile ndogo zinazopima hata unywele. Mizani ya namna hiyo haitaki haraka. Unaweka jiwe, unaondoa mkono, unashusha pumzi, unangoja namba zitulie. Widad alisimama nyuma yake akigongagonga kisigino, akasema, "Bado tu?" Mazin hakugeuka. "Ukigonga hivyo, Bi Mhandisi, inapima kisigino chako." Widad aliacha kugonga. Wenzake waliapa hawajawahi kuona kitu kama hicho. Widad alikuwa na miaka thelathini na tisa, na posa kadhaa alikuwa amezikataa kabla wasemaji hawajamaliza kusema. Huyu alimngoja mpaka akajikuta yeye ndiye anayeuliza mizani itakaguliwa tena lini.

Basi ikawa washenga watakuja. Na hapa ndipo palipokuwa na jambo.

Kwetu posa haiombwi mlangoni. Wazee wa upande wa mume hufika kwa wingi wao, wenye nyumba huwapokea, na kahawa humiminwa. Mkubwa wa wageni hupokea finjani yake, huiweka chini mbele yake, wala haigusi. Ana haja, na hatakunywa mpaka haja yake ikubaliwe. Ndipo husema maneno yake, na baba wa binti humjibu. Jibu la ndiyo halina maneno mengi: kunywa kahawa yako. Finjani hiyo ndiyo shahidi. Na Hajj Mutlaq, aliyewamiminia watu kahawa maisha yake yote, aliyekuwa na kinu cha mti cha babu yake na mdundo wake mwenyewe wa kutwanga ambao mtaa mzima uliujua, alisema atamimina yeye.

"Mpwa wako yupo," alisema Bi Fidda. "Kijana, ana mikono miwili, na yote miwili inamsikiliza."

"Binti... ni wa mpwa wangu?"

"Mutlaq, wataketi sebuleni wazee wazima na kanzu zao za kupigwa pasi. Utawaogesha?"

"Nitawaogesha, basi. Wakubali... au wakatae wakiwa wamelowa."

Washenga huja baada ya alasiri. Ni saa ile ile ambayo Hajj huganda kitini. Alijua, Widad alijua, hata finjani zilijua. Widad akataka posa isogezwe mbele mpaka apate dawa nyingine. Mazin akasema atangoja hata mwaka. Hajj alikataa. Alisema yeye hana umri wa kuazima, na kama mkono hauwezi kumimina kahawa ya binti yake basi na ukatwe, hauna kazi nyingine iliyobaki. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na baada ya hapo hakuna aliyebishana naye.

Siku chache kabla ya posa, umeme ulikatika kiwandani asubuhi na watu wakaambiwa warudi nyumbani. Widad alipanda ngazi kwa mwendo wake ule ule. Alipofika karibu na mlango wao akasikia kinu.

Alisimama. Mguu mmoja ngazi ya juu, mmoja ya chini.

Mdundo wa baba yake aliujua kabla hajajua jina lake. Mchi hupiga chini mara mbili, hugonga ukingo, huzunguka, hugonga tena, na kahawa huvunjika ikiimba. Ndivyo majirani wanavyojua kwamba kwa Hajj Mutlaq kumeiva na wanaweza kuja. Huu haukuwa huo. Ulikuwa mkavu, wa chini chini, bila kugonga ukingo, kama mtu asiyetaka asikike. Tena ulikuwa mfupi. Kahawa haitwangwi kwa muda mfupi namna hiyo, hata na mtu mwenye haraka kama yeye.

Aliingia bila kubisha. Hajj Mutlaq alikuwa ameketi mkekani, kinu katikati ya magoti, na Bi Fidda amekishikilia kisihame. Wote wawili walimtazama kama watoto waliokutwa ndani ya kabati la sukari.

"Kahawa gani hiyo, baba?"

"Kahawa tu."

Widad akainama, akachungulia. "Kahawa nyeupe?"

Mkono wa Hajj ulikuwa unahesabu shanga zake. Ndani ya kinu, chini kabisa, kulikuwa na unga mweupe, na vipande vya kitu chembamba kinachong'aa alichokijua Widad vizuri kuliko ngozi yake mwenyewe. Lilikuwa ganda lake, lililomchukua miaka, limesagwa.

"Tangu lini?" Hakuweza hata kupiga kelele.

"Tangu... zile za mwanzo mwanzo."

"Kwa nini, baba? Kwa nini?"

Hajj akamtazama dada yake. "Mwambie," Bi Fidda alisema, "au nimwambie mimi, na unajua mimi sichagui maneno."

"Vilikuwa... vinatoka," Hajj alisema.

"Vinatoka wapi?"

"Subhanallah!" Bi Fidda alipiga goti. "Mhandisi mzima! Kitu kikiingia mdomoni kinatoka wapi, we Widad? Dirishani?"

Hajj Mutlaq aliinua kiganja kumnyamazisha. Akamweleza binti yake pole pole, neno na pumziko lake, na kwa mara ya kwanza Widad hakumkatiza, macho yake yamebaki kwenye lile ganda lililosagwa. Alisema vidonge vilikuwa vinatoka vizima. Kama vilivyoingia, umbo lile lile, havina hata ufa. Akaona, basi mtoto amekosea, ganda limekuwa gumu kuzidi, dawa haitoki. Na angemwambia nani? Akimwambia daktari, daktari ataandika, na kiwandani watajua. Watamfukuza. Watu watasema dawa ya binti wa kinyozi inapita tumboni kama kokwa la zeituni. "Nikasema, Mutlaq... si una kinu. Hata kahawa... nani huimeza nzima? Kazi iliyobaki... nitammalizia mimi." Alikuwa akiusaga unga huo kila asubuhi na kuunywa ndani ya kahawa, na kahawa yetu chungu haiulizi uchungu mwingine umetoka wapi.

Widad alikaa chini, hapo hapo, na koti lake. Alicheka kwanza. Kisha akalia, kisha akafanya yote mawili pamoja, na Bi Fidda akasoma aya ya kumkinga.

"Lilikuwa ganda tupu, baba," alisema alipoweza. "Linatakiwa litoke. Dawa inakwisha kutoka yote, linabaki ganda, halina kitu ndani. Likitoka zima ndiyo limefanya kazi. Ungelipasua ungeona tupu."

"Nilipasue?" Hajj alisema. "Mimi kinyozi... si mzoa choo."

"Na ukilisaga, dawa ya kutwa nzima inakuingia kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana asubuhi ulikuwa unacheza na alasiri huna kitu. Ungeweza kufa, baba!"

Hajj Mutlaq aliuweka mchi chini. "Nilikuuliza," alisema. Hakusema kwa lawama. "Siku ile. Nilianza... kukuuliza."

Widad aliukumbuka mlango. Alikuwa amezunguka zahanati za nchi nzima akiwaeleza wauguzi, mtaona ganda, msishtuke, waambieni wagonjwa. Imeandikwa hata kwenye karatasi iliyomo ndani ya paketi. Watu wote wa Jordan walikuwa wameelezwa habari za ganda, isipokuwa mtu mmoja aliyeuliza.

Daktari alipoelezwa alikasirika, kisha akalazimika kugeukia ukutani ili asicheke mbele ya Hajj. Akapanga kipimo upya. Kidonge ni kikubwa na koo la Hajj lilikuwa zito siku hizo, kwa hiyo Bi Fidda akapendekeza kiingie kwenye mtindi. Widad akasema hapana, mtindi na dawa hii havipatani. Wakajaribu asali ya zabibu, nzito, ya kwao wenyewe. Kidonge kikateleza na kijiko, kizima, na Hajj akasema kama angejua dawa ina utamu namna hii angeugua mapema.

Kisha wakangoja. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili asubuhi mwili haukucheza. Posa ilikuwa inakaribia, na kila alasiri Widad alikaa mbele ya baba yake akiutazama mkono ule kama anavyotazama matumbo yake ya kioo, hata Hajj akamwambia aondoe macho, yanampima. Mkesha wa siku yenyewe alasiri ikaja, Hajj akajaribu kumimina, na mkono ukaimwaga kahawa katikati ya njia. Ukatulia tena, kisha ukatetemeka. Hakuna aliyejua kesho utaamua nini.

Washenga wakaja. Sebule ilijaa kanzu na mabishti, yale majoho ya heshima. Wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kiasi cha jicho, na jicho lenyewe lilikuwa la Widad. Bi Fidda alimvuta nyuma. "Bibi harusi hachungulii," alisema, kisha akachungulia yeye.

Hajj Mutlaq alisimama na dele, birika la kahawa, mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Widad aliona kidole gumba kikisogea, akafumba macho. Alipofumbua, finjani ilikuwa imeshawekwa mbele ya mkubwa wa wageni, imetulia, na hapakuwa na tone hata moja mezani. Akamimina ya pili, na ya tatu. Mpwa alisimama nyuma yake tayari kudaka, hakudaka chochote.

Mkubwa wa wageni akaweka finjani kando. Alikuwa mheshimiwa mstaafu, aliyezoea kusikilizwa, na siku nyingi hakuwa amepata watu waliokatazwa kuondoka. Akaanza na kumshukuru Mungu, jambo zuri. Akaingia kwenye ukoo wa Mazin, akatoka kwenye ukoo wa Mazin, akaingia kwenye historia ya mji. Jua likasogea kwenye zulia. Widad alikuwa akisaga meno. "Ombeni basi!" alinong'ona. "Mtu aombe tu!" Maana kila neno la mzee yule lilikuwa linamvuta baba yake kuelekea saa mbaya. Hajj aliketi, mkono juu ya goti, uso hauna habari.

Mwishowe haja ikaombwa. Sebule yote ikamgeukia Hajj Mutlaq.

Alizitazama finjani. Kahawa ilikuwa imepoa, imetua, imefanya utando juu.

"Haja yenu... ipo," alisema. "Lakini kahawa hii... hamtainywa. Mimi siwapi watu... binti yangu... kwa kahawa baridi."

Akainuka. Watu wakadhani atamwita kijana. Alichukua dele jipya mwenyewe, akamwaga zile za baridi, akaanza upya kuanzia mkono wa kulia, finjani kwa finjani, sebule nzima, katika saa ambayo kwa miaka mkono ule haukuweza kufunga kifungo. Hakuharakisha. Mpwa alikuwa amekunja mikono sasa, anatazama tu. Alipomaliza ya mwisho, Hajj alisema, "Kunyweni kahawa yenu," na sauti za pongezi zikaruka, na Bi Fidda akapiga vigelegele sikioni mwa Widad mpaka likaziba.

Kelele zilipopungua, Hajj akaja chumba cha wanawake, kitu ambacho hakifanywi, na dele lake. Akamimina finjani mbili. Moja akampa binti yake. Nyingine akaiweka chini mbele yake mwenyewe, asiiguse, akaketi. Kila mwanamke mle ndani alijua maana yake.

"Mimi nina... haja," alisema.

Sasa mkono ulikuwa umeanza, kidogo tu, kidole gumba na shanga zake. Widad aliuona, na kwa mara ya kwanza haukumtisha.

"Nikikuuliza... kitu," Hajj Mutlaq alisema, akapumzika. Widad alishajua. Alijua tangu neno la kwanza. Maneno yote yaliyobaki yalikuwa yamejipanga ulimini mwake, na midomo ikafunguka. Akaifunga. Nje mtu alikuwa akiita magari, nyama ya kondoo na mtindi ilikuwa inanukia kutoka jikoni, wageni walikuwa wakicheka. Akangoja. Alikunja mikono mapajani, akangoja kama anavyongoja mbele ya kioo, mpaka baba yake akavuta pumzi nyingine na kuipata njia.

"Nikikuuliza kitu... uwe unaningoja... nimalize."

Alikuwa amemaliza. Widad alihakikisha kwanza kwamba amemaliza.

"Kunywa kahawa yako, baba," alisema.